Buluu Iliyokolea Ukutani: Bi Fundi Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia kidogo buluu iliyokolea, ile ya kina na baridi inayokaribia weusi bila kuufikia, na barua zikaja kwa wingi kutoka Bombo hadi Arua. Wengi mnaitaka. Wengi zaidi mmekatazwa na fundi, na shemeji au na mama mkwe. Naipenda rangi hii tangu nilipokuwa binti mdogo nikimshikia ngazi marehemu baba yangu, fundi rangi wa Jinja, tulipokwangua chokaa ya zamani kwenye maduka ya Main Street. Kwa hiyo nimeiachia toleo hili lote. Barua nimezifupisha, majina nimeyaondoa.

*Assalaam alaikum Bi Fundi. Nina sebule mpya hapa Bombo na nataka buluu iliyokolea, maana mama yangu ameniachia tabaga zake, zile sinia za ususi alizosuka kwa mkono, na nataka zitundikwe zionekane. Dirisha langu kubwa linatazama kaskazini na mbele yake kuna baraza. Binti yangu amesoma kwenye jarida la Uingereza kwamba chumba kinachotazama kaskazini ni baridi na kina giza, kisipakwe buluu kamwe. Mafundi wawili nao wamenikatalia. Niache? Mama wa Bombo.*

Waalaikum salaam, mama. Usiache. Paka.

Jarida la binti yako linawaambia kweli watu wa huko. London iko mbali sana kaskazini mwa ikweta, na jua la mchana hupita kusini kwao mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hukaa kivulini karibu siku zote. Sisi ikweta imetupitia hapo Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki linahamia kusini. Na kwa kuwa saa sita linakuwa juu sana, ukingo wa paa na baraza vinatosha kulizuia pande zote mbili. Dirisha la kaskazini lenye baraza, kwetu hapa, ni dirisha la mwanga mtulivu usiobadilika sana, na huo ndio mwanga ambao buluu ya kina inaupenda kuliko wowote. Hili nalisisitiza kwa sababu kila wiki naletewa picha za nyumba za Ulaya na ushauri wa nyumba za Ulaya, na nyumba yenyewe iko Bombo.

Kwetu wa kuchungwa ni upande wa magharibi. Kuanzia saa kumi jioni jua linashuka, linapenya chini ya paa na kuupiga ukuta ubavuni. Hapo buluu itaonyesha kila alama ya rola na kila kinundu cha lipu, na baada ya miaka kipande kilichopigwa jua kitapauka kabla ya kingine. Wewe huna tatizo hilo.

Unacho kitu kingine cha kuangalia, mama: udongo wako. Mwanga unaoingia chini ya baraza hautoki juani moja kwa moja. Unatoka uani, umegonga udongo mwekundu kwanza, kwa hiyo unaingia na wekundu kidogo. Wekundu huo huifanya buluu ionekane imechakaa, na ile yenye ukijani ndani yake huathirika zaidi. Mwenye migomba karibu na dirisha anapata mwanga wa kijani, na hilo ni jambo jingine kabisa. Ndiyo maana sikutajii jina la rangi wala namba ya kwenye kadi ya dukani. Chukua kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa sinia, kipake mikono miwili ya rangi unayoifikiria, kiache kikauke hadi kesho yake, kisha kiegemeze ukutani. Kitazame saa tatu asubuhi, saa nane mchana, magharibi na usiku taa ikiwaka. Kihamishe ukuta hadi ukuta. Usijaribu rangi kwa kupaka kiraka katikati ya ukuta mweupe, kwa sababu weupe unaokizunguka utaifanya buluu ionekane nyeusi, utaingiwa na hofu bure.

Sasa, ukuta upi? Usipake ule wenye dirisha. Kati ya mwanga unaougusa, ukuta mweupe hurudisha zaidi ya asilimia 80, na buluu iliyokolea mara nyingi haifiki 10. Ukilizungushia dirisha giza la namna hiyo, dirisha litakuumiza macho mchana kutwa na hakuna atakayekaa akilitazama. Paka ukuta unaotazamana na dirisha, tundika tabaga hapo, na kuta nyingine tatu zipe nyeupe yenye umaziwa kidogo. Dari liache jeupe. Kama roho yako inataka kuta zote nne ziwe buluu sitakuzuia, ila hakikisha dirisha ni kubwa kweli kama unavyosema, na sakafu isiwe nyeusi.

Ukuta wa tabaga uwe mati, usiong'aa. Buluu isiyong'aa inakuwa na kina, jicho linazama ndani yake, na rangi za ule ususi, machungwa, manjano, waridi, zinatoka mbele. Najua wengi hapa Uganda tunapenda silki, rangi yenye mng'ao kidogo, kwa sababu uchafu wake unafutika. Lakini ukuta wa kutundika vitu hauguswi sana na mikono ya watoto. Silki weka kwenye korido.

La mwisho ni taa, na hapa ndipo sebule nyingi nzuri zinapoharibika. Kwenye boksi la balbu ya LED kuna namba inayoishia na herufi K, inayokuambia kama mwanga ni mweupe wa baridi au wa manjano wa joto. Balbu nyingi utakazopewa dukani bila kuuliza ni za 6500K. Chini ya taa hiyo buluu inakuwa kali na wageni wako wanaonekana wagonjwa, sebule inageuka korido ya hospitali. Uliza ya 3000K au 2700K. Ukuta utakuwa na giza zaidi, hilo ulijue mapema, lakini mbao, ngozi za watu na tabaga vitachangamka. Mimi huweka taa ya dari moja na nyingine ya mezani au ya ukutani karibu na buluu, maana ukuta wa giza unaomulikwa kutoka juu tu hufifia.

Na ule muda mfupi wa jioni kabla taa hazijawashwa, au umeme ukiwa umekatika, utaona jambo la ajabu. Nyekundu za tabaga zitazima kwanza, huku ukuta wa buluu bado unaonekana. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Purkinje, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: mwanga ukipungua, jicho la binadamu hupoteza nyekundu kabla ya buluu. Kwa hiyo tabaga zenye nyeupe na manjano nyingi ziweke katikati, nyekundu tupu ziwe pembeni.

*Bi Fundi, habari za kazi. Tumehamia nyumba yetu Kira. Fundi alipaka chumba cha kulia wiki mbili baada ya lipu kumalizika, kwa sababu tulikuwa tunakimbia kodi ya kule tulikotoka. Alinunua poda ya buluu akaichanganya kwenye rangi nyeupe ya maji, na kwa vile tulitaka iliyokolea aliendelea kuongeza mpaka ikakubali. Sasa ukuta mmoja una madoa ya kahawia, mwingine umetoa unga mweupe, na ukipitisha mkono unatoka na buluu. Mume wangu anasema tupake nyingine juu. Je, itashika?*

Haitashika, mwanangu, na mwambie shemeji asubiri. Hapo kuna maradhi matatu tofauti kwenye chumba kimoja, na kila moja lina sababu yake.

Madoa ya kahawia yanatokana na saruji. Lipu mbichi ina ukali wa chokaa ambao hupungua taratibu kadiri inavyokauka na kukaa hewani. Kuna poda ya buluu iliyogunduliwa Berlin karibu mwaka 1706, inaitwa buluu ya Prussia, nzuri mno, ya kina hasa, lakini haivumilii chokaa hata kidogo. Ikikutana na lipu mbichi inavunjika na kinachobaki ni chuma chenye rangi ya kutu. Ndicho unachokiona. Si buluu zote zilizo hivyo. Ile buluu ya kufulia ambayo wazee walikuwa wakiitia kwenye chokaa ya kupaka nyumba ni ya ukoo mwingine, inaitwa ultramarini. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la Badakhshan, Afghanistan, ghali kupita kiasi, hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopata njia ya kuitengeneza kiwandani na kupewa tuzo mwaka 1828. Hiyo haina ugomvi na chokaa, kinachoiua ni asidi. Halafu tangu mwaka 1935 dunia ina buluu ya thalosianini, ina shaba ndani yake, inavumilia chokaa, asidi na jua. Rangi za kopo zinazochanganywa kwa mashine dukani mara nyingi hutumia hii. Ndiyo sababu nakuomba, kwa buluu iliyokolea, usikubali poda ya kuchanganya kwenye ndoo.

Unga mweupe ni chumvi. Maji yaliyobaki ndani ya lipu yanatafuta njia ya kutoka, yanabeba chumvi, yanafika juu yanakauka, chumvi inabaki. Kwenye ukuta mweupe hungeiona. Kwenye buluu inapiga kelele.

Na buluu inayotoka mkononi ni kwa sababu poda imezidi gundi. Ile rangi nyeupe ya maji ilikuwa na gundi ya kutosha kushika unga wake yenyewe. Fundi alipozidi kuongeza, unga ukakosa wa kuushika. Tena kwa njia hiyo hamwezi kupata kina mnachokitaka, kwa sababu nyeupe ndani ya kopo imejaa titani inayong'arisha kila kitu. Buluu ya kina huchanganywa kwenye kopo la msingi lisilo na nyeupe, au lenye kidogo tu. Mwambie muuzaji wa rangi wa Nabugabo, Kampala, unataka msingi wa rangi za giza, atakuelewa.

Fanya hivi. Kwangua na pangusa kwa brashi kavu. Usioshe ile chumvi kwa maji, utairudisha ndani ikusubiri. Fungua madirisha, acha chumba kipumue. Lipu inahitaji angalau siku 28, na ikiwa ni msimu wa mvua, Machi hadi Mei au Septemba hadi Novemba, ongeza. Ukidhani imekauka, chukua kavera safi, yaani mfuko wa plastiki, libandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, liache hadi kesho. Ukikuta jasho ndani yake, bado. Likiwa kavu, piga msasa, paka praima, ile rangi ya kutangulia, inayozuia ukali wa saruji, ndipo buluu. Praima yenyewe iombe iwe ya kijivu. Watu wananishangaa kwa hilo, lakini kwa kuwa buluu ya kina haina nyeupe ndani, haifuniki vizuri, na juu ya praima nyeupe utapaka mikono minne ukilia. Juu ya kijivu, miwili au mitatu inatosha.

*Shikamoo Mama. Huku Arua tumezoea kuona vile vitambaa vidogo vya buluu na vyeusi vilivyosimikwa kando ya mito kuwanasa mbung'o. Nikipaka chumba changu buluu si nitakuwa nimewaita ndani? Na mbu je?*

Marahaba. Swali lako ni la mtu anayetazama dunia yake vizuri, na sitalipita kwa haraka.

Ni kweli mbung'o huvutwa na buluu. Vitambaa hivyo, sentimita 25 kwa 50, nusu kitambaa cha buluu na nusu wavu mweusi, vimetiwa dawa. Buluu inamvuta inzi, anapotua anaigusa dawa. Kazi hiyo, pamoja na upimaji na matibabu, imesaidia sana dhidi ya malale huko kwenu West Nile, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeutokomeza malale wa aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma. Lakini mbung'o wa mitoni kwenu huishi kwenye vichaka vya kando ya maji na huuma mchana. Ukuta wa ndani ya chumba, nyuma ya mlango na pazia, hauonekani kutoka mtoni. Buluu ya vile vitambaa pia ni angavu, huonekana mbali, si hii ya usiku tunayoizungumzia. Nje ya nyumba iliyo karibu na mto, hapo ningekushauri uchague rangi nyingine.

Kuhusu mbu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 2022 majaribio juu ya mbu wa Aedes aegypti. Baada ya kunusa hewa ya pumzi, mbu hao waliziendea nyekundu, machungwa na nyeusi, na buluu hawakuijali. Yule wa malaria, Anopheles, ni mwingine, hupenda kupumzika mchana mahali penye giza na pasipo hewa, kwa hiyo chumba cha rangi ya giza kifunguliwe madirisha yenye wavu. Chandarua kinabaki pale pale.

*Bi Fundi, sisi wa Lira hupuliziwa dawa ya mbu ukutani. Nataka buluu chumbani, nifanye lini?*

Kabla ya kupuliziwa, siyo baada. Dawa inafanya kazi ikiwa juu ya ukuta, na ukipaka rangi juu yake umeizika, familia yako imebaki bila kinga kwa miezi. Waulize wapuliziaji wa eneo lenu wanakuja lini, paka wiki kadhaa kabla, rangi ikauke kabisa. Baadhi ya dawa huacha ukungu mweupe unaoonekana sana juu ya buluu. Usiufute. Kama utakukera macho, peleka buluu kwenye fanicha, kabati au fremu ya kitanda, na kuta ziache za rangi nyepesi mpaka msimu upite. Afya ya watoto kwanza, dada yangu.

*Nipo Kabale, nimeolewa mwaka jana. Nataka buluu ya kina chumbani kwetu lakini mama mkwe anasema Kabale yenyewe ni friji, nikipaka buluu tutalala na mafua. Sitaki kumvunjia heshima.*

Vizuri kwamba hutaki. Mama mkwe ameishi na baridi ya mahali palipokaribia mita 2,000 juu ya bahari kuliko wewe na mimi, msikilize kwa adabu. Kipimajoto hakitabadilika kwa rangi ya ukutani, ila mwili hauishi kwa kipimajoto peke yake. Mtu akiamka alfajiri ya Julai na ukungu uko mlangoni, akaona ukuta wa buluu yenye ukijani, anasikia baridi zaidi. Hapo mama ana haki.

Kwa hiyo chagua buluu iliyotiwa tone la nyekundu, inayoelekea zambarau kwa mbali. Ipake ukuta wa kichwani mwa kitanda tu, ambao mkilala hamuutazami na mkiingia usiku mnaukuta umemulikwa na taa ya 2700K. Mbele yake weka kitanda cha mvule au cha mbao yoyote yenye uasali, na blanketi la rangi ya udongo au haradali. Nimepaka chumba cha namna hiyo Fort Portal, na wenyewe wanakiita chumba cha joto. Jambo moja la Kabale: usiku mkifunga kila kitu, pumzi zenu zinageuka maji kwenye ukuta wa nje, na koga huota. Juu ya buluu koga linaonekana jeupe na ni baya. Kitanda kikae mbali kidogo na ukuta, na asubuhi dirisha lifunguliwe hata kama ni kwa muda wa chai tu.

Halafu mualike mama aone kile kipande cha plaiwudi kabla hujapaka. Mpe achague kati ya viwili ambavyo wewe mwenyewe umeridhika navyo.

*Mimi ni kijana, napanga muzigo Bwaise, chumba kimoja. Mwenye nyumba hataki mtu aguse kuta. Nimekufa na hii buluu. Kuna njia?*

Ipo, tena ni rahisi kuliko ya wenye nyumba. Karibu kila muzigo una pazia linalotenga kitanda na upande wa kukaa. Hilo pazia ndilo ukuta wako. Nenda soko la Owino, tafuta kitambaa kizito cha buluu ya usiku, kisichopenya mwanga, kitoshe kutoka dari hadi sakafu na upana uzidi mara moja na nusu ili kikunje vizuri. Pazia fupi linalokatika juu hupunguza urefu wa chumba. Kuta zako zikiwa krimu au hata zile za nusu rangi ya mafuta chini, buluu hiyo itazituliza. Kama una meza au rafu ya mbao laini kutoka Ndeeba, ipake buluu ile ile ya mafuta, kopo la lita moja linatosha na baki. Ukihama, unahama na ukuta wako. Godoro na mashuka yasiwe buluu pia, weka nyeupe au kahawia, chumba ni kidogo na jicho linahitaji pa kupumzika.

*Bi Fundi, nipo Masaka. Nina kipande kikubwa cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, nilichopewa na watengenezaji wa huku. Nataka kukitundika juu ya ukuta wa buluu. Baba mkwe anasema lubugo ni la kuzikia watu. Na pia, ukuta wangu ni mita 4 kwa 2.7, ninunue rangi kiasi gani?*

Baba mkwe amesema kweli, lubugo limewafunika marehemu wa Buganda kwa vizazi. Limevaliwa pia kwenye kutawazwa kwa Kabaka na kwenye sherehe. Utengenezaji wake kutoka gome la mti wa mutuba ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mueleze kwa upole kwamba unalitundika kwa heshima, na ukiona moyo wake haujakubali, lisikae sebuleni anapoketi yeye. Liweke ofisini au chumbani kwako. Sitakuambia ushinde ubishi huo kwa ajili ya mapambo.

Kwa rangi peke yake, sijaona mchanganyiko unaonifurahisha zaidi katika nchi hii. Lubugo lina wekundu wa udongo uliochomwa, na huo unakaa upande wa pili kabisa wa buluu, kwa hiyo kila kimoja kinamwamsha mwenzake. Litundike bila kioo, kwa ufito wa mbao juu, mbali na jua la moja kwa moja na mbali na ukuta wenye unyevu, kwa sababu ni gome na gome hufanya koga. Buluu ya nyuma yake iwe mati kabisa. Lubugo lenyewe haling'ai, na ukuta unaong'aa nyuma yake utaliua. Acha nafasi ya buluu pande zote, angalau urefu wa mkono, lisibanwe na kabati.

Kuhusu kiasi: 4 mara 2.7 ni mita za mraba 10.8. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, na kwa buluu ya kina uhesabu mikono mitatu. Hiyo ni mita 32.4, yaani lita 3 na kidogo. Kopo la lita 4 linakutosha na utabakiwa na ya kurekebisha mikwaruzo. Ukiamua kupaka chumba kizima ukahitaji makopo zaidi ya moja, yachanganyishwe siku moja, dukani pamoja, kisha nyumbani uyamimine yote kwenye ndoo kubwa safi uyakoroge kabla ya kuanza, maana tofauti ndogo kati ya kopo na kopo haionekani kwenye nyeupe lakini kwenye buluu itaonekana kama mstari. Anza kwenye pembe, usipumzike katikati ya ukuta, na rola ikiwa bado na rangi usiirudishe pale palipoanza kukauka.